Kwa nini "ng'ombe" wa mteja wangu ameota â€™ katikati?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina stationari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Juzi mama mmoja wa kikundi cha wafugaji aliniletea flashi yenye risala yao niichape. Kufungua, kila palipo na ng'ombe pameandikwa ngâ€™ombe, na ng'ambo imekuwa ngâ€™ambo. Nikajua virusi, nikaisafisha flashi, wapi. Nikabadilisha fonti, wapi. Nikakaa kurekebisha neno mojamoja hadi saa mbili usiku. Kesho yake nikawatumia wanakikundi SMS ya mkutano, ujumbe mmoja tu, salio likakatwa mara tatu. Tena kuna mzee wa Makorora ana utenzi wa babu yake ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu. Amekwisha kuchapiwa nusu na mjukuu wake kwenye simu, lakini nikiubandika kwenye programu ya kutengenezea mabango, herufi zinaachana na zinakwenda kinyumenyume. Swali langu ni moja: ninapobonyeza herufi kwenye kibodi, kompyuta inaandika nini hasa huko ndani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kukesha, na pole kwa flashi yako iliyooshwa bure, maana safari hii virusi wamesingiziwa. Umeuliza swali moja ukasimulia mikasa mitatu, na bahati njema mikasa yote mitatu inajibiwa na hilo hilo swali.

Kompyuta haiandiki herufi. Haizijui. Huko ndani mna namba tu, na hizo namba nazo ni safu ya moja na sifuri. Herufi N unayoiona kwenye kioo imechorwa sasa hivi kwa ajili ya macho yako. Zima kioo, picha imepotea, namba imebaki palepale. Kwa hiyo kila herufi ina vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Ina umbo, yaani ile picha. Ina namba, ambayo ndiyo jina lake mbele ya mashine. Halafu ina baiti, yaani namba ile ilivyofungashwa ili ikae kwenye diski au isafiri hewani. Risala ya mama imeharibikia kwenye baiti. SMS yako imeponzwa na namba. Utenzi wa mzee umekwama kwenye umbo. Wewe ulishika fonti, na fonti kazi yake ni umbo peke yake, ndiyo maana ng'ombe hakupona.

Sasa hizo namba zinageukaje kuwa herufi? Kwa jedwali. Wewe ni mtu wa Ngamiani, hili utalielewa upesi kuliko wanafunzi wangu. Ukimwambia bodaboda "nipeleke ya kumi na mbili", hakuulizi kumi na mbili ya nini. Anakushusha barabara ya 12. Mgeni aliyeshuka stendi leo asubuhi ukimwambia maneno hayo hayo atafikiri chumba cha gesti, au bei. Namba haijabadilika hata kidogo. Tofauti ni kwamba bodaboda anayo ramani kichwani na mgeni hana, au anayo ramani ya mji mwingine. Faili la maandishi ni mlolongo wa "nipeleke ya kumi na mbili", na anayelifungua asipokuwa na ramani aliyokuwa nayo aliyeliandika, atakushusha kusikojulikana, tena bila kusita, kwa kujiamini kabisa.

Ramani ya kwanza iliyoenea ni ya Wamarekani, ASCII, ya mwaka 1963. Ilitumia biti 7, yaani moja na sifuri saba kwa kila herufi, kwa hiyo ilikuwa na nafasi 128, kuanzia 0 hadi 127. A kubwa ilipewa 65, a ndogo 97, nafasi tupu 32, na kile kidude cha juu tunachokiita ritifaa, kikiwa kimesimama wima, kikapewa 39. Wazungu wa Ulaya wenye é na ß hawakufikiriwa, Waarabu ndio kabisa. Sisi Waswahili hatukufikiriwa pia, ila mchele wetu ulimwagikia kwenye sinia: hati yetu ya Kilatini haina herufi hata moja yenye kofia wala mkia, na ng' yetu inaandikwa kwa n, g na ritifaa, vyote vimo katika zile 128. Jirani zetu Wakikuyu wenye ĩ na ũ walisumbuka miaka mingi kwa jambo ambalo sisi hatukujua hata kama lipo.

Baiti ina biti 8, maana yake inabeba thamani 256. Nusu ya juu, kuanzia 128 hadi 255, ikawa kiwanja cha wazi, na kila taifa likajenga lake. Hapo ndipo balaa lilipozaliwa. Chukua baiti yenye thamani 200. Kwenye jedwali la Windows la Ulaya Magharibi, linaloitwa 1252, hiyo ni È. Kwenye lile la Kiarabu, 1256, baiti hiyo hiyo ni ب, be ya madrasa. Kwenye la Kirusi, 1251, ni И. Faili halisemi ni lipi kati ya hayo. Halina lebo. Ni baiti tu zimepangwa, na programu inayolifungua inakisia.

Mwaka 1988 Joe Becker wa kampuni ya Xerox alitoa pendekezo la kuwa na jedwali moja la dunia nzima, akaliita Unicode. Mwaka 1991 ikaundwa taasisi ya kulisimamia na toleo la kwanza likatoka. Kila herufi ya kila hati inapewa namba yake isiyogongana na ya mwingine. Leo jedwali hilo lina nafasi 1,114,112, na zilizokwisha kukaliwa zimepita 150,000, pamoja na vile vikaragosi vya kucheka na kulia. Zile 128 za mwanzo ziliachwa kama zilivyokuwa kwenye ASCII. A bado ni 65.

Namba zikishafika laki na zaidi, baiti moja haitoshi. Ungeweza kumpa kila mmoja baiti nne, ukamaliza kazi, lakini barua ya Kiswahili ingenenepa mara nne bila kuongeza hata neno. Jibu tunalotumia leo lilichorwa Septemba 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, usiku mmoja, kwenye karatasi ya kutandika mezani katika mgahawa wa New Jersey, Marekani. Nimeona karatasi nyingi za mgahawani zenye hesabu za madeni, lakini ile imelipa kuliko zote. Mpango wao unaitwa UTF-8, na kurasa za wavuti zaidi ya 98 kwa 100 zinautumia. Kanuni yake ni nyepesi: namba iliyo chini ya 128 inaandikwa kwa baiti moja kama ilivyo, namba kubwa inagawanywa katika baiti mbili, tatu au nne, ya kwanza ikitangaza wamo wangapi kwenye msafara, na zinazofuata kila moja ikianza na alama ya kusema "mimi ni mfuasi, usinisome peke yangu".

Twende kwa ng'ombe wa mama, tumkague jino kwa jino.

Mama, au aliyemwandikia, alibonyeza ritifaa ya kawaida, namba 39. Programu ya Word ikajitia mwalimu wa insha. Ina mazoea ya kuondoa ritifaa iliyosimama na kuweka iliyopinda, hii ’, kwa kuwa kwa Kiingereza inapendeza. Iliyopinda ni herufi nyingine kabisa, namba 8217. Kwenye vitabu utaikuta imeandikwa U+2019, ambayo ni hiyo hiyo kwa mtindo wa kuhesabu kwa kumi na sita. Faili lilipohifadhiwa kwa UTF-8, namba 8217 ilibidi ifungashwe. Kwa moja na sifuri ni 0010000000011001. Inakatwa vipande vitatu: 0010, kisha 000000, kisha 011001. Kipande cha kwanza kinavishwa 1110 mbele, maana yake "tupo watatu", kinakuwa 11100010, yaani 226. Cha pili kinavishwa 10, kinakuwa 10000000, yaani 128. Cha tatu vilevile, 10011001, yaani 153. Kwa hiyo neno ng’ombe likalala kwenye flashi kwa baiti 9: sita za n, g, o, m, b, e, na tatu za ritifaa.

Kompyuta yako ikalifungua faili kwa ramani ya 1252. Ramani hiyo haijui msafara wala mfuasi; kwake kila baiti ni mtu mzima anayejitegemea. Ikasoma 226, ikaandika â. Ikasoma 128, ikaandika €. Ikasoma 153, ikaandika ™. Hiyo ndiyo â€™ yako, hakuna jini. Na angalia kwamba n, g, o, m, b, e zilisomeka sawasawa, kwa sababu ramani zote mbili zinakubaliana kwenye zile 128 za mwanzo. Ndiyo maana kwa Kiswahili ugonjwa huu unapiga ng' na alama za kunukuu tu, na mtu anaweza kufanya kazi miaka kumi asiujue mpaka aletewe ng'ombe.

Dawa yake basi ni kulifungua upya faili la asili ukiiambia programu ramani sahihi. Ukiwa na faili la maandishi matupu, Word itakuuliza usimbaji upi, yaani ramani ipi. Chagua Unicode (UTF-8). Kwa orodha za Excel usibofye faili mara mbili. Ingia kwenye sehemu ya Data, chagua kuleta kutoka faili la maandishi, kisha pale panapouliza asili ya faili tafuta 65001, ambayo ndiyo namba ya UTF-8 huko kwao. Sekunde thelathini, na ng'ombe wote wanarudi zizini pamoja na waliojificha ukurasa wa saba ambao hukuwaona.

Lakini kama uliliona limeharibika kisha ukabonyeza kuhifadhi, sasa umefungasha uchafu. Ile â imekuwa herufi halali kwenye faili, na € vilevile, na ™ vilevile. Likifunguliwa tena kwa ramani mbaya utaona Ã¢â‚¬â„¢, vitu vinane mahali pa kimoja. Wapo wateja watakaokuletea faili la namna hiyo, na utajua limepitia mikono mingapi kwa kuhesabu urefu wa takataka.

Mimi mwenyewe nimewahi kuharibu kazi ya watu kwa pupa. Miaka ile nilipewa na ofisi moja orodha ya wanachama, majina mia kadhaa, yote yenye ng' yamevurugika hivi. Nikaona sijui nihangaike kwa nini, nikaagiza kompyuta itafute kila â€™ na kuifuta. Ikafuta. Nikahifadhi, nikalipwa, nikaenda Raskazone kupunga upepo. Wiki iliyofuata wakaniita: Mangula na Mang'ula wamekuwa mtu mmoja, na hakuna aliyejua tena michango ya nani ni ya nani. Nilikaa na daftari la mkono siku mbili nikirudisha ritifaa mojamoja. Usifanye "tafuta na badilisha" kwenye maandishi yaliyovurugika kabla hujajua yamevurugikia wapi. Na kabla ya kugusa chochote, nakili faili la asili pembeni.

Kuna kuvurugika kwa aina nyingine ambako lazima ukujue kwa sura, usije ukampa mteja ahadi usiyoiweza. Ukiona takataka zenye mpangilio kama â€™, au Ø¨Ø§Ø¨Ø§ ambayo kwa kweli ni بابا ya Kiarabu, baiti zipo zima, faili linapona. Ukiona visanduku vitupu, namba ipo na baiti zipo, fonti yako ndiyo haina picha ya herufi hiyo. Hapo ndipo kubadilisha fonti kunasaidia, na ni hapo tu. Ukiona � au alama ya kuuliza mahali pa herufi, hapo msiba. Maana yake kuna programu njiani ilishindwa kuisoma au kuiandika herufi, ikaitupa na kuweka jiwe la kaburi. � nayo ina namba yake, 65533, na ndiyo inayohifadhiwa. Ikishahifadhiwa hivyo, iliyokuwapo haipo tena. Mwambie mteja alete nakala nyingine.

Turudi kwenye salio lako. SMS ni teknolojia ya zamani yenye mfuko mdogo: baiti 140, basi. Ili Kizungu cha kawaida kienee, mitandao ya simu ilitengeneza jedwali lake dogo la biti 7 kwa kila herufi. Baiti 140 ni biti 1,120. Gawa kwa 7, unapata zile herufi 160 unazozijua. Ritifaa iliyosimama, 39, imo kwenye jedwali hilo. Iliyopinda, 8217, haimo. Na kanuni haina huruma: ikiingia herufi moja tu isiyomo, ujumbe mzima unahamia kwenye mfungasho wa biti 16 kwa kila herufi. 1,120 gawa kwa 16 ni 70. Ujumbe ukizidi hapo unakatwa vipande, na kila kipande kinapoteza nafasi kidogo ya kuunganishia, kwa hiyo unabaki na herufi 67 kwa kipande.

Sasa piga hesabu ya tangazo lako. Tuseme lilikuwa na herufi 150. Kwa ritifaa iliyosimama ni SMS moja. Kwa iliyopinda, vipande viwili vinabeba 134 tu, havitoshi, kwa hiyo ni vitatu. Wanakikundi 40, umelipia SMS 120. Bila shaka ulilinakili tangazo kutoka kwenye ile risala, ukalibandika, na ritifaa zilizopinda zikaja nalo kama kupe. Kikaragosi kimoja cha kucheka mwishoni kingekufanyia hivyo hivyo. Kabla ya kutuma, angalia kile kihesabio cha herufi kwenye simu: kikiruka ghafla kutoka mia moja na kitu hadi makumi, kuna mgeni ndani.

Hapa naweka maoni yangu, wapo watakaonipinga. Kwa kazi za Kiswahili za kila siku, tumia ritifaa iliyosimama, 39, peke yake. Nenda kwenye mipangilio ya Word, sehemu ya masahihisho ya kujiendesha, ondoa alama ya vema kwenye kupindisha nukuu. Sababu yangu kubwa ni kutafuta. Nimekuta orodha za wateja zenye ng'ombe, ng’ombe, ng‘ombe na ng`ombe, hiyo ya mwisho ikiwa imepigwa kwa kitufe cha pembeni ya moja, namba 96. Kwa jicho lako ni neno moja lililoandikwa kwa haraka. Kwa kompyuta ni maneno manne yasiyojuana, na ukitafuta la kwanza hutapata matatu. Na tusidhani ritifaa ni pambo: kukata ngoa ni kitu kimoja, kung'oa ni kingine. Kitabu kikienda kiwandani, mpangaji kurasa atapindisha zote kwa pamoja mwishoni, ni kazi ya dakika moja. Kuzinyoosha zilizopinda ovyo ndiyo kazi. (Kuna fomu za mtandaoni zinazokataa jina lenye ritifaa, zinasema "alama hairuhusiwi". Huo ni uvivu wa aliyetengeneza: kwenye lugha ya hifadhidata ritifaa ndiyo hufunga maneno, yeye akaogopa badala ya kujifunza namna ya kuipitisha. Jina la mtu halina kosa.)

Ukitaka kujua ni ipi kati ya hizo imekaa kwenye neno, ichague peke yake ndani ya Word kisha bonyeza Alt na X pamoja. Itageuka namba mbele ya macho yako, kwa ule mtindo wa kumi na sita: 0027 ni iliyosimama, 2019 ni iliyopinda. Bonyeza tena, inarudi. Hilo utalihitaji kwa yule mzee pia.

Utenzi ni kazi nzuri, nakuonea wivu. Pwani hii ndiko alikotungia Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, na hati za namna hiyo bado zimo masandukuni mwa watu. Kwa Kiarabu, herufi moja ina sura mpaka nne: be ikiwa peke yake, ikianza neno, ikiwa katikati, ikimaliza. Kwa maandishi ya kawaida, Unicode haizipi sura hizo namba nne. Be ni 1576, popote ilipo, na ni kazi ya programu pamoja na fonti kuangalia jirani zake na kuchora sura inayofaa. Vilevile mpangilio: faili linazihifadhi herufi kwa jinsi zinavyosomwa, ya kwanza kwanza, na programu ndiyo inayoamua kuzipanga kutoka kulia. Irabu nazo ni namba za peke yake zinazofuata herufi: fatha 1614, dhumma 1615, kasra 1616. Ndiyo maana ukifuta "ba" kwa kitufe cha kurudi nyuma, fatha inaondoka kwanza, be inabaki imesimama uchi.

Programu yako ya mabango, nadhani ni ya zamani au haijawashiwa hati za Mashariki ya Kati, haijui kuunganisha wala kugeuza. Inachukua namba moja baada ya nyingine na kuzichora kama inachora Kilatini. Kwa hiyo maandishi ya mzee hayana kasoro. Yabandike Word au LibreOffice, weka fonti ya Amiri au Scheherazade New, utayaona yanashikana mikono. Vijana watakuelekeza kwenye tovuti zinazogeuza Kiarabu kikubalike kwenye programu za zamani. Zinachofanya ni kubadilisha 1576 kuwa namba za sura zake, ambazo zimo kwenye jedwali kwa ajili ya mifumo ya kale tu, halafu zinapindua mpangilio. Kwa bango moja la maulidi sawa, litaning'inia wiki mbili liondolewe. Kwa utenzi usithubutu: hutaweza kutafuta neno ndani yake, na atakayelifungua faili kwenye programu nzima ataona limepinduka kweli.

Liko jambo gumu zaidi, na hapa kompyuta haikusaidii. Waandishi wetu wa zamani mara nyingi walitumia be hiyo hiyo kwa b, kwa p na kwa mb, wakamwachia msomaji, maana msomaji alikijua Kiswahili. Leo Unicode ina pe yenye vitone vitatu, 1662, ina che, 1670, ina ve, 1700, ina ga, 1711, na hata sauti ya ng' ina herufi yake, ڠ, namba 1696, isiyohitaji ritifaa. Utashawishika kumsahihisha babu. Ukikuta neno linalosomeka "pepo" naye ameandika be, mkono utakuwasha umwongezee vitone viwili. Mimi nasema chapa alichoandika. Usomaji wako uweke kwenye safu ya pili, kwa Kilatini, ubeti kwa ubeti. Ukizibadilisha herufi zake, namba aliyokusudia imeondoka kwenye faili kama ritifaa zangu za kina Mang'ula, na safari hii daftari la mkono ni karatasi ya babu inayoliwa na mchwa.

Kabla hujaendelea na nusu iliyobaki, chukua ubeti wa kwanza alioupiga mjukuu kwenye simu, tafuta ye na kafu, uzipitishe kwenye Alt na X. Ye ya Kiarabu ni 064A, kafu ni 0643. Kibodi za simu zilizowekwa Kiajemi au Kiurdu hupiga 06CC na 06A9, na katikati ya neno hutaona tofauti hata ukivaa miwani ya mzee. Ukikuta hizo, nyoosha zote sasa hivi, halafu weka kibodi ya Kiarabu kwenye kompyuta yako na uendelee na hiyo hiyo hadi ubeti wa mwisho.